Meli ya Angani Iliyokuwa Ikielekea Umakonde

Asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1917, kwenye kambi ya Jamboli nchini Bulgaria, askari waliachia kamba za chombo chenye urefu wa mita 226, nacho kikapanda. Hakikuwa na mabawa ya kukibeba. Ndani yake walikuwemo watu 22, injini tano, mafuta ya safari ndefu na shehena ya tani 15 hivi: bunduki za rashasha, risasi na dawa. Kiliitwa L 59, kazi ya kiwanda cha Zeppelin, na nahodha wake alikuwa Ludwig Bockholt. Mara mbili mwezi huohuo kilikuwa kimeondoka kikarudi. Mara hii ya tatu kilishika njia ya kusini, kikavuka Uturuki na bahari ya Mediterania, kikielekea mahali ambapo wenyeji hawakuwa na habari yoyote ya ujio wake: nyanda za juu za Umakonde, kusini mwa nchi tunayoiita leo Tanzania.

Huko, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alikuwako kamanda Paul von Lettow-Vorbeck na jeshi la Ujerumani la Afrika Mashariki, wengi wao askari Waafrika, wakisukumwa kuelekea mto Ruvuma. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani, na njia iliyobaki ilikuwa anga. Chombo hakikutarajiwa kurudi, kwa sababu Umakonde hapakuwa na pa kupata gesi ya kukijaza tena. Kingefika, kingefunguliwa vipande vipande: kitambaa cha nje kiwe mahema, bitana ya ndani iwe bendeji, na mifupa yake ya alumini iwe nguzo za redio na vibanda.

Kila ninapoisoma habari hii kuna hesabu moja hunisimamisha. Huku chini, mizigo ya vita ile ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Mpagazi alitwishwa kilo 25 hivi. Kwa hiyo tani 15 ni mizigo ya wapagazi 600, na wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Mzigo huohuo, ukipita juu ya jangwa la Sahara, haukukaa kichwani mwa mtu yeyote. Ulibebwa na hewa.

Nasema hewa, sisemi hidrojeni, na nasema hivyo kwa makusudi. Mifuko ya L 59 ilijaa hidrojeni, na wengi tukiulizwa kwa nini gesi hiyo hupanda tunajibu kwamba ni nyepesi. Jibu hilo ni kweli, lakini limeishia njiani. Chukua nazi kavu, izamishe baharini kwa mkono, kisha iachie. Itaruka juu. Hakuna kitu huko juu kinachoivuta. Maji yaliyoizunguka ni mazito kuliko nazi yenye ujazo uleule. Yanagombea kushuka, yanaingia chini yake, nayo haina budi kupisha kwa kupanda. Hidrojeni nayo huvutwa na dunia kama jiwe linavyovutwa. Liweke puto la hidrojeni katika chumba kilichonyonywa hewa yote, litaanguka sakafuni sawasawa na jiwe. Linalolipandisha ni uzito wa hewa inayolizunguka.

Archimedes wa Sirakusa aliyajua haya kuhusu maji katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Kuyahamishia kwenye hewa kulichukua karne nyingi sana, kwa sababu kwanza ilibidi watu wakubali kwamba hewa ni kitu, na kwamba kitu hicho kina uzito. Mwaka 1644 Evangelista Torricelli, akiwa Florence, alieleza kwa nini zebaki iliyomo kwenye mrija uliozibwa juu husimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi: inashikiliwa na uzito wa bahari ya hewa, nasi tunaishi kwenye sakafu ya bahari hiyo. Miaka minne baadaye Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipanda na mrija wa namna hiyo hadi kilele cha mlima Puy de Dôme huko Ufaransa, na zebaki ikashuka kwa sentimita 8 hivi. Juu, bahari ya hewa ina kina kidogo zaidi. Leo tunaweza kuitaja kwa kilo: mita moja ya ujazo ya hewa, pale maji yanapoganda, ina uzito wa kilo 1.29. Hewa ya chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 inakaribia kilo 40, pungufu ya mfuko wa saruji.

Hewa ikiwa na uzito, kitu chepesi kuliko hewa kitaelea ndani yake. Mwaka 1670 padri Francesco Lana de Terzi alichora jahazi la kuning'inizwa kwenye matufe ya shaba yaliyotolewa hewa yote. Kwenye karatasi lilielea. Shaba nyembamba kiasi kile, hata hivyo, ingebonyezwa na hewa ya nje kama kopo linalokanyagwa. Kilichohitajika ni kitu cha kujaza tufe, chenye kusukuma kuta zake kwa ndani kwa nguvu ileile ya hewa ya nje, na bado kiwe na uzito mdogo.

Kitu hicho kilipimwa London mwaka 1766 na Henry Cavendish, tajiri mpole aliyewakwepa watu na kupenda mizani. Alimwagia vipande vya metali asidi, akakusanya gesi iliyotoka ikichemka, akaipima, akakuta ni nyepesi kuliko hewa mara 11 hivi. Kipimo cha kweli ni zaidi ya mara 14, lakini kwa vifaa vya siku zile kosa lake si kubwa. Yeye aliiita hewa iwakayo. Jina hilo lilikuwa onyo pia, na onyo hilo lilikuja kupuuzwa kwa gharama ya maisha ya watu.

Ndugu wawili waliotangulia kurusha puto mbele ya watu hawakuitumia gesi ya Cavendish hata kidogo. Joseph na Étienne Montgolfier walikuwa watu wa kiwanda cha karatasi huko Annonay, Ufaransa. Tarehe 4 Juni 1783 waliwasha moto wa majani makavu na sufu chini ya mfuko mkubwa wa kitambaa na karatasi, ukavimba, ukapaa. Waliamini kwamba moshi ndio wenye nguvu ya kupandisha, ndiyo maana wakachagua vitu vya kutoa moshi mzito. Walikosea. Moshi uliongeza uzito tu. Kilichopandisha mfuko ni hewa ileile ya kawaida iliyotanuka kwa joto, hata ndani ya mfuko ikabaki hewa kidogo kuliko ya nje. Mwezi wa Septemba waliwarusha kondoo, bata na jogoo mbele ya mfalme huko Versailles, na tarehe 21 Novemba Pilâtre de Rozier na mwenzake, marquis d'Arlandes, waliruka juu ya Paris kwa dakika 25 wakichochea moto wenyewe.

Habari za Annonay zilipofika Paris, mwanafizikia Jacques Charles alikwenda moja kwa moja kwenye hewa iwakayo. Alisaidiwa na ndugu wawili wa ukoo wa Robert, waliojua kupaka hariri utomvu wa mpira isivuje. Kazi yao ilikuwa ngumu kuliko ya akina Montgolfier: karibu nusu tani ya chuma ilimiminiwa asidi ya salfuri kwa siku kadhaa ili kujaza tufe la upana wa mita 4 tu. Tarehe 27 Agosti 1783 lilipaa kutoka uwanja wa Champ de Mars, likapotea mawinguni katika mvua, likaanguka kijiji cha Gonesse. Wanakijiji walikiona kitu kikubwa kikihema chini na kunuka, wakakivamia kwa uma za nyasi. Siwalaumu. Hakuna aliyekuwa amewaeleza lolote.

Siku ya tarehe 1 Desemba mwaka huohuo inanivutia zaidi, maana hesabu yote ya kuelea ilionekana kwa macho. Charles na Nicolas-Louis Robert waliondoka bustani ya Tuileries katika puto la hidrojeni, wakasafiri saa mbili, wakatua karibu na Nesles jua likiwa limezama. Robert akashuka. Puto lililokuwa limesawazishwa kwa watu wawili sasa lilibeba mmoja, na Charles akarushwa juu hadi karibu mita 3,000 kwa dakika chache. Huko akaliona tena jua alilokuwa ameliaga, likazama kwa mara ya pili siku ileile. Baridi ilimkata na sikio likamuuma vibaya kwa kupungua kwa mgandamizo wa hewa. Alifungua vali, akashuka salama, na hakuruka tena maisha yake yote.

Charles ndiye aliyekuja kupima, mnamo 1787, jinsi gesi zinavyotanuka zikipashwa moto, ingawa hakuchapisha. Aliyechapisha ni Joseph Louis Gay-Lussac mwaka 1802. Kila gesi hutanuka kwa kiasi kilekile: ujazo wake wa pale maji yanapoganda ukigawanywa mara 273, sehemu moja huongezeka kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Msomaji aikumbuke namba hiyo, tutakutana nayo jangwani. Gay-Lussac mwenyewe alipanda puto peke yake mwaka 1804 hadi mita 7,016, akarudi na chupa ya hewa ya huko. Alipoichunguza alikuta mchanganyiko wake ni uleule wa chini. Gesi zilizokwisha kuchanganyika hazijitengi, nyepesi juu na nzito chini, kama mafuta na maji. Ili gesi ipande au ishuke lazima iwe mkusanyiko mmoja, mfukoni au katika wingu lake, kabla hewa haijaipokea na kuitawanya.

Sababu ya gesi moja kuwa nyepesi kuliko nyingine ilielezwa mwaka 1811 na Amedeo Avogadro wa Torino, na ikasubiri karibu miaka 50 kabla wanakemia hawajaikubali. Alisema kwamba gesi yoyote, ikiwa na joto na mgandamizo sawa, ina idadi sawa ya molekuli katika ujazo sawa. Maneno machache, na fumbo likafumbuka. Kama idadi ni sawa, basi mizani inapima uzito wa molekuli mojamoja. Hidrojeni ni 2, heliamu 4, methani 16, mvuke wa maji 18. Hewa, kwa wastani wa mchanganyiko wake, ni 29. Kilicho chini ya 29 kitapanda. Kilicho juu ya 29 kitatambaa chini. Mchana wa fukuto pwani tunasema hewa ni nzito, kumbe hewa yenye mvuke mwingi ni nyepesi kuliko hewa kavu ya joto lilelile.

Hewa ukaa ni 44, na watu wa Goma hawakuhitaji kitabu cha Avogadro ili waijue tabia yake. Kando ya ziwa Kivu, chini ya volkano, gesi hiyo hutoka ardhini na kutuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku usio na upepo. Mbuzi huinamisha kichwa kula majani na hakinyanyui tena. Mtoto aliye mfupi huzimia mahali mtu mzima anapopita. Wenyeji wanapaita mahali hapo mazuku, na neno hilo la Kiswahili cha Kongo limeingia katika maandiko ya wataalamu wa volkano duniani. Huko Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitapika wingu la gesi hiyohiyo, likateremka mabondeni likifuata ardhi kama mafuriko na kuua watu wapatao 1,700. Jambo hili lipo hata jikoni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hulala sakafuni, wakati gesi asilia ya Songo Songo, ambayo karibu yote ni methani, hukimbilia darini. Mama akifungua dirisha la juu pekee mtungi ukivuja, gesi inabaki miguuni pake.

Turudi angani. Mwaka 1863, miaka 54 kabla ya L 59, Jules Verne alitoa riwaya yake ya kwanza kuhusu puto, ambamo Mwingereza wa kubuniwa anaondoka Unguja kwa puto la hidrojeni na kuivuka Afrika. Verne alikuwa amelielewa tatizo kubwa la maputo. Anayetaka kushuka hutoa gesi, anayetaka kupanda hutupa farumi, na vyote viwili vikiisha safari imekwisha. Kwa hiyo alimpa shujaa wake chombo cha kupasha hidrojeni moto ili ipande na kuiacha ipoe ili ishuke, bila kupoteza hata pumzi moja ya gesi. Ni wazo zuri, na la kutisha ukikumbuka kwamba lina moto karibu na hidrojeni.

Bockholt hakuwa na chombo cha Verne. Aliyempasha gesi moto ni jua la Sahara, bila kumuuliza. Tarehe 22 Novemba L 59 ilipita juu ya pwani ya Misri ikaingia jangwani. Mifuko yake, iliyofumwa kwa pamba na kubandikwa utando wa utumbo wa ng'ombe, ilikuwa na mita za ujazo 68,500. Tugawe kwa 273: kila nyuzi moja ya joto ilitanua gesi kwa mita za ujazo 250. Mifuko ikijaa, kilichozidi kilitokea kwenye vali, na hakikurudi. Mchana meli ilikuwa nyepesi mno, ikirushwa huku na huku na hewa ya moto inayofuka mchangani, na mwanga wa jangwa uliwaumiza mabaharia macho na vichwa. Injini moja iliharibika, nayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha mtambo wa kutuma redio. Kuanzia hapo waliweza kusikia, lakini hawakuweza kujibu.

Kisha jua likazama, na jangwa likapoa upesi kama kawaida yake. Gesi iliyosalia ikajikunja. Zile mita 250 za kila nyuzi, zilizokuwa zikibeba karibu kilo 300, hazikuwapo tena. Nyuzi kumi ni tani tatu. Meli iliyokuwa ikipambana isipae sasa ilipambana isianguke. Iliinuliwa pua ili injini ziisukume juu, kisha ikapoteza mwendo na kuporomoka gizani kuelekea ardhi ambayo hawakuiona. Wakatupa maji ya farumi. Wakatupa na masanduku ya risasi, zile zile walizotumwa kuzipeleka. Ikatulia.

Usiku huo, wakiwa magharibi ya Khartoum, redio ilipokea amri kutoka Ujerumani: rudini. Sehemu kubwa ya nyanda za Umakonde ilikuwa imechukuliwa, na mahali huko paitwapo Kitangari palikuwa mikononi mwa adui. Bockholt aligeuza meli. Ilitua Jamboli tarehe 25 Novemba baada ya saa 95 hewani na kilomita 6,757, bila kutua popote, umbali ambao hakuna chombo cha anga kilichokuwa kimewahi kuusafiri. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na wapagazi wake nyuma yake, mizigo kichwani.

L 59 iliwaka na kulipuka juu ya mlango wa bahari wa Otranto tarehe 7 Aprili 1918. Hakuna aliyepona.

Kulikuwa na gesi isiyowaka. Alama yake ilionekana kwanza katika mwanga wa jua mwaka 1868, ndipo ikaitwa heliamu kwa neno la Kigiriki la jua. William Ramsay aliipata hapa duniani mwaka 1895. Mwaka 1903 watu wa Dexter, Kansas, walichimba kisima cha gesi wakakusanyika kuiwasha kwa shangwe. Gesi ikauzima moto wao. Uchunguzi uliofuata ulikuta humo heliamu, na tangu hapo Marekani ikawa na hazina ambayo nchi nyingine hazikuwa nayo. Heliamu ni nzito mara mbili ya hidrojeni, na mtu angedhani itabeba nusu ya mzigo. Sivyo. Kinachobeba ni hewa inayosukumwa pembeni: kilo 1.29 kutoa kilo 0.09 ya hidrojeni, au kutoa kilo 0.18 ya heliamu. Tofauti ni ndogo, na heliamu hubeba zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za mzigo wa hidrojeni. Meli ya angani ya Ujerumani, Hindenburg, ilibuniwa kwa heliamu. Sheria ya Marekani ilizuia kuiuza nje, ikajazwa hidrojeni, na tarehe 6 Mei 1937 ikateketea huko Lakehurst, Marekani, ikiua watu 36.

Hazina hiyo iko kwetu pia. Kuzunguka ziwa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, kuna chemchemi za maji moto zinazotoa viputo vya naitrojeni vyenye heliamu ndani yake. Wanajiolojia walikwisha kuandika habari zake mwaka 1967, na mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba chini ya bonde hilo upo mkusanyiko mkubwa. Heliamu hiyo ilizaliwa ndani ya miamba ya kale sana, urani na thori zikioza chembe kwa chembe, na ikakaa humo hadi joto la Bonde la Ufa lilipoifungua. Ilikuwa ikitoka vivyo hivyo Novemba 1917, upande wa pili wa nchi ambayo L 59 ilikuwa ikiielekea. Kiputo hupanda kwenye maji kwa sababu maji ni mazito kuliko gesi iliyomo, hupasuka juu, na heliamu huchanganyika na hewa ya Rukwa. Kutoka hapo mikondo ya hewa huitawanya taratibu, miaka na miaka, hadi ukingo wa anga ambako mvuto wa dunia hauwezi tena kuishika.